Bangalo la paundi 75,000 kando ya bahari karibu na Clacton: ninunue?

*"Mimi ni muuguzi hospitali ya Colchester, nimepanga chumba mjini. Nina miaka minne Uingereza na viza yangu bado ni ya kazi ya afya. Nimeweka akiba ya paundi 38,000. Nimeona bangalo la vyumba viwili Jaywick, upande wa Clacton, hatua chache kutoka ufukweni, bei paundi 75,000. Nikikopa kidogo tu inakuwa yangu. Rafiki yangu mmoja wa kanisani anasema nisithubutu, bahari itaimeza. Mwingine anasema ninunue hata mbili, moja nipangishe. Dalali amenionyesha pia flati Clacton karibu na gati kwa 95,000, na nyumba ya vyumba viwili Great Clacton kwa 225,000, ila hiyo naona iko mbali na bahari na bei imezidi. Nyumbani Tanga marehemu baba ametuachia nyumba, tuko ndugu wanne. Mume wangu yuko Tanzania, anajenga Kibaha. Je, niiwahi hiyo ya Jaywick kabla haijachukuliwa?"*

Dada yangu, pole na zamu, na hongera. Kuweka paundi 38,000 kutoka kwenye mshahara wa muuguzi, huku nyumbani wanakutazama wewe, ni kazi kubwa, na kwa sababu hiyo sitaki ipotee. Usiiwahi. Bangalo hilo linaweza kumfaa mtu mwingine, lakini kwa mtu mwenye viza ya kazi, akiba moja tu, na anayehitaji mkopo, lina mitego ambayo rafiki zako wote wawili hawakuigusa.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kwamba kiwanja cha ufukweni ndicho cha bei. Ras Kazone, Masaki, Nyali: ukiyakaribia maji, bei inapanda. Kwa hiyo ukikuta nyumba karibu na bahari kwa bei ya gari, unaona umeokota dodo chini ya mnazi. Pwani ya Essex haihesabu hivyo. Kule bei inafuata ardhi ilitengwa kwa ajili ya nini hapo mwanzo, na waliojenga walikusudia nani aishi humo, kwa miezi mingapi ya mwaka. Benki na kampuni za bima nazo zinafuata historia hiyohiyo. Ukiielewa, utaona kwa nini nyumba tatu ulizotaja, zote ndani ya maili chache, zimepishana bei kiasi hicho.

Kijiji cha asili ni Great Clacton, bara kidogo, chenye kanisa la zama za Wanormani. Watu wa zamani hawakujenga ufukweni, walikuwa wanalima. Mji wa Clacton wa pwani ulibuniwa na Peter Bruff, mhandisi wa reli, kwa ajili ya watalii. Gati lilifunguliwa 1871 na treni ikafika 1882. Nyumba ndefu za ghorofa unazoziona karibu na gati zilijengwa kuwa hoteli na nyumba za kulaza wageni wa kiangazi kutoka London. Kambi ya mapumziko ya Butlin's ilifunguliwa 1938. Halafu Waingereza wakaanza kupanda ndege kwenda Hispania, wageni wakapungua, kambi ikafungwa 1983, na nyumba nyingi za wageni zikagawanywa vyumba na flati. Flati uliyoonyeshwa, kama iko karibu na gati na jengo ni la zamani, huenda ni moja ya hizo.

Upande wa kaskazini-mashariki iko Frinton, iliyopangwa kwa ajili ya wenye nacho, hata leo watu husema fulani anaishi "ndani ya mageti", yaani ng'ambo ya kivuko cha reli. Mji huo haukuwa na baa mpaka mwaka 2000. Ni bahari ileile na upepo uleule, na bei ni mara kadhaa ya Jaywick.

Jaywick yenyewe ilikuwa vinamasi vya maji ya chumvi na mashamba duni. Mwaka 1928 mfanyabiashara Frank Stedman aliinunua ardhi hiyo, akaikata viwanja vidogo na kuwauzia watu wa London wa kipato cha kawaida, wajenge vibanda vya mbao vya kukaa wikiendi na likizo. Mitaa ya Brooklands ilipewa majina ya magari: Bentley, Austin na mengineyo. Ilikuwa ndoto nzuri, mfanyakazi wa kiwandani kuwa na kibanda chake kando ya bahari, na mimi siidharau hata kidogo. Ila vile vilikuwa vibanda vya kiangazi. Baada ya vita vya pili nyumba zilipokuwa adimu, watu walihamia moja kwa moja, mwaka mzima, katika majengo yasiyo na msingi wa maana wala kinga ya baridi. Katika miaka ya 1970 halmashauri ilitaka kubomoa sehemu yake na wakazi wakakataa kuondoka. Kwa miongo mingi barabara za Brooklands hazikuwa chini ya serikali. Zilikuwa mashimo na madimbwi mpaka zilipotengenezwa miaka ya hivi karibuni.

Utasikia pia kwamba sehemu ya Jaywick imetajwa na serikali kuwa eneo lenye dhiki kuliko yote Uingereza, mwaka 2010, 2015 na 2019. Ni kweli, lakini soma takwimu hiyo vizuri. Inapima kipato, ajira, afya na elimu ya wakazi wa eneo dogo la watu kama 1,500. Haisemi kwamba watu wa hapo ni wabaya, na haihusu Jaywick yote. Kuna upande wa kijiji cha awali na mitaa mingine yenye nyumba imara zaidi za tofali. Wakazi wengi wanapapenda na wanasaidiana. Mwaka 2023 halmashauri ilifungua jengo la biashara na soko, Sunspot, pale ufukweni. Mimi sikukatazi kuishi na watu wa Jaywick. Ninachoogopa ni ardhi, ukuta wa mbao na karatasi.

Sasa tuje kwenye bahari, maana rafiki yako wa kwanza amechanganya mambo mawili. Kuna pwani inayoliwa na kuna pwani inayofurika. Inayoliwa ni ile ya Walton-on-the-Naze, kaskazini zaidi, ambako genge la udongo laini linamomonyoka kila mwaka na kuusogelea mnara wa Naze uliojengwa 1720. Huko ardhi ikishakwenda hairudi, na Uingereza hakuna fidia ya serikali kwa nyumba iliyochukuliwa na mmomonyoko. Holland-on-Sea, mtaa wa pwani unaopakana na Clacton, nayo ilikuwa inaelekea huko. Mwaka 2014 na 2015 zilitumika takriban paundi milioni 36 kujenga kuta za mawe zinazoingia baharini na kurudisha mchanga ufukweni, kuanzia Clacton mpaka Holland, na leo ufukwe umekaa vizuri. Jaywick haiwezi "kumezwa" kwa namna hiyo. Hatari yake ni maji kuja usiku mmoja na kuondoka, yakiwa yameacha maafa.

Wewe wa Tanga unajua bamvua. Unajua kuna siku za mwezi maji yanajaa kupita kawaida hata mitumbwi inafika isipofika siku nyingine. Fikiria bamvua hiyo, kisha ongeza dhoruba. Hewa ikiwa nyepesi juu ya Bahari ya Kaskazini, maji huinuka, kama sentimita moja kwa kila milibari (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inayopungua. Upepo mkali wa kaskazini ukiyasukuma kuelekea kusini, bahari hiyo inazidi kuwa nyembamba na yenye kina kifupi, hivyo maji hayana pa kwenda ila juu. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 mambo hayo matatu yalikutana. Watu 307 walikufa Uingereza kwenye pwani ya mashariki, na zaidi ya 30 kati yao walikuwa Jaywick. Maji yalivunja kingo upande wa vinamasi vya St Osyth, kijiji jirani, na kuingia kwa nyuma, watu wakiwa wamelala kwenye nyumba zisizo na ghorofa. Mahali pa kupanda hapakuwepo.

Tangu hapo kumejengwa ukuta wa bahari na kuta za mawe, na kuna mfumo wa tahadhari. Januari 2017 wakazi waliambiwa wahame kwa saa kadhaa kwa sababu ya dhoruba ya namna hiyohiyo, na ukuta ulihimili. Kwa hiyo si kweli kwamba bahari itaimeza kesho. Ila ukuta unahitaji fedha za umma kizazi baada ya kizazi, usawa wa bahari unapanda, na ardhi yenyewe ya kusini-mashariki mwa Uingereza inashuka polepole. Ardhi nyuma ya ukuta iko chini ya maji ya bamvua. Bangalo halina ghorofa ya kukimbilia. Hayo ndiyo ya kuyapima.

Unaweza kuangalia mwenyewe bila malipo. Tovuti ya serikali ina huduma mbili na watu huzichanganya. Ramani ya mafuriko ya mipango miji inachora eneo kana kwamba ukuta haupo. Eneo la daraja la 3 kwa upande wa bahari ni lile lenye nafasi ya mafuriko ya angalau 1 kati ya 200 kwa mwaka. Huduma ya pili, ya hatari ya muda mrefu, inazingatia kinga zilizopo. Andika anuani ya nyumba kwenye zote mbili. Dalali akikuambia "hapa hapajawahi kufurika tangu nihamie," hajakudanganya, ila hajakujibu pia.

Hapo ndipo bima inapoingia. Tangu Aprili 2016 kuna mpango uitwao Flood Re, ambao kampuni za bima huupelekea ile hatari ya mafuriko ili mwenye nyumba apate bima kwa bei ya kubebeka. Nyumba iliyojengwa kabla ya tarehe 1 Januari 2009 ikiwa makazi ya mwenyewe inaingia. Bangalo hilo la zamani huenda likaingia. Lakini mpango huo umewekewa mwisho, mwaka 2039. Ukichukua mkopo wa miaka 30 leo, zaidi ya nusu ya mkopo wako utakuwa nje ya kinga hiyo, na kuanzia hapo bei ya bima itategemea hatari halisi. Tena Flood Re inaondoa tatizo la mafuriko pekee. Kama kuta ni za mbao au za karatasi za asbesto, kampuni nyingi za bima za kawaida zitakukatalia kwa sababu hiyo nyingine, na utapelekwa kwa kampuni maalumu zenye bei yake.

Mkopo nao una masharti yake. Umeandika kwamba ukikopa kidogo tu inakuwa yako. Hapo ndipo ninapoomba utulie. Benki haikopeshi kwa sababu deni ni dogo. Inakopesha ikiwa inaamini kwamba wewe ukishindwa, yenyewe inaweza kuiuza nyumba hiyo haraka na kurudishiwa fedha zake. Nyumba ya mbao, ya asbesto, au iliyojengwa kuwa kibanda cha likizo, benki nyingi haziigusi. Wakopeshaji wengi pia wana kiwango cha chini cha mkopo au cha thamani ya nyumba. Ndiyo sababu utaona kwenye matangazo ya nyumba kama hizi maneno "wanunuzi wa fedha taslimu tu". Ukiyaona, usifikiri ni masharti ya muuzaji. Ni taarifa kwamba benki zilishakataa. Na wewe siku utakapotaka kuuza, utakuwa unawatafuta wanunuzi walewale wachache wenye fedha mkononi. Kwa hiyo bei ya chini haiondoki. Unainunua pamoja na nyumba na utaikuta siku ya kutoka.

Na hata ukipata mkopo, nyumba yenyewe ina la kusema. Msingi mfupi au usiokuwepo, sakafu ya mbao juu ya udongo wenye maji, umeme uliofungwa na mwenye nyumba mwenyewe, paa la asbesto, chumvi ya upepo inayokula misumari. Bangalo lisilo na kinga ya baridi linaweza kukutoza gesi au umeme wa majira ya baridi hadi uhisi bado unalipa kodi ya pango. Kama unaipenda kweli nyumba hiyo, mlipe mkaguzi wa majengo aliyesajiliwa RICS, chama cha taaluma hiyo, akufanyie ukaguzi wa daraja la 3, ule wa kina. Usikubali ukaguzi wa thamani unaofanywa na benki kuwa badala yake. Ule ni wa kuilinda benki. Ni mamia ya paundi, na unaweza kukuokoa na maelfu.

Ushauri wa kununua mbili na kupangisha moja, nauweka pembeni bila kusita. Nyumba ya kupangisha lazima iwe na cheti cha nishati cha daraja E au juu zaidi, na bangalo za aina hii mara nyingi hazifiki bila matengenezo. Kwa kawaida mwenye nyumba asiyeishi humo hapati ile kinga ya Flood Re kwa jengo. Nyumba ya pili inalipiwa nyongeza ya asilimia 5 ya ushuru wa stempu (kodi ya serikali anayolipa mnunuzi wa nyumba), yaani paundi 3,750 kwa hiyo ya 75,000, kabla hujanunua hata kitasa cha mlango. Na mpangaji wako, mara nyingi mtu mwenye kipato kidogo, akipigiwa simu usiku wa dhoruba ahame, wewe uko wodini Colchester. Kazi ya kupangisha inataka mtu mwenye muda na akiba ya dharura. Wewe kwa sasa huna vyote viwili.

Tuje kwenye flati ya 95,000. Hapa siogopi bahari sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya katikati ya Clacton iko juu ya genge, na ukitembea kutoka gatini utahisi magoti yanakuambia hivyo. Ninachokiogopa ni hati. Karibu kila flati Uingereza inauzwa kwa lizi, yaani unanunua haki ya kukaa miaka kadhaa, ardhi na jengo vikiwa vya mtu mwingine. Kwetu hili si geni: Tanzania hati za ardhi ni za miaka 33, 66 au 99, na ardhi yenyewe ni ya umma. Tofauti ni kwamba huku mwenye ardhi ni mtu au kampuni binafsi, na ana njia za kukutoza.

Uliza miaka mingapi imebaki. Ikiwa chini ya 80, kurefusha lizi kunakuwa ghali zaidi chini ya utaratibu wa zamani, na ikikaribia 70 benki nyingi zinaanza kurudi nyuma. Sheria ya 2024 imekusudia kuondoa sehemu ya gharama hizo, ila vipengele vyake vinaanza kimoja kimoja. Kilichokwisha kuanza, tangu tarehe 31 Januari 2025, ni kwamba mnunuzi hahitaji tena kusubiri miaka miwili ndipo aombe kurefushiwa. Uliza pia kodi ya pango la ardhi ni kiasi gani na kama mkataba unairuhusu iongezeke mara mbili kila baada ya miaka fulani. Lizi mpya nyingi zilizotolewa kuanzia tarehe 30 Juni 2022 haziruhusiwi kuwa nayo, lakini hii ya jengo la zamani huenda ikawa nayo.

Halafu kuna ada ya matunzo, na kwa majengo ya pwani hapo ndipo mifuko inapotoboka. Jengo la miaka ya 1890 linaloangalia bahari linapigwa na chumvi na mvua ya pembeni mwaka mzima. Plasta ya nje, paa, chuma za baraza, vyote vinachoka mapema. Mwenye jengo akiamua kutengeneza paa, kila mwenye flati anagawiwa bili. Sheria inamtaka awashirikishe kwanza kama kazi itamgharimu mwenye flati yeyote zaidi ya paundi 250, lakini kushirikishwa si kusamehewa. Kabla hujatoa hata senti, wakili wako aombe hesabu za ada hiyo za miaka mitatu iliyopita, kiasi kilichopo kwenye mfuko wa akiba ya matengenezo, na barua yoyote kuhusu matengenezo makubwa yanayokuja. Jengo lisilo na akiba na lenye madoa ya maji ukutani, bei yake halisi si 95,000.

Neno moja njiani: ukitafuta zaidi utakutana na "nyumba" za paundi 30,000 upande wa St Osyth na Seawick. Nyingi ni karavani. Hununui ardhi, unalipia nafasi kila mwaka, leseni nyingi hazikuruhusu kukaa miezi yote 12, na thamani inashuka kama ya gari. Pita.

Great Clacton uliyoiona ghali ndiyo nyumba ninayoiamini kuliko zote tatu: ardhi ya juu, tofali, na kama dalali ameandika umiliki wa kudumu, hakuna mwenye ardhi juu yako. Benki yoyote inaielewa. Tatizo lake ni hesabu yako. Benki kwa kawaida hukopesha kama mara nne na nusu ya mshahara wa mwaka. Muuguzi wa daraja la 5 wa NHS, hata ukichanganya na akiba yako, hafiki 225,000 kwa raha akiwa peke yake baada ya kulipa wakili, mkaguzi na ushuru. Sitaki ujibane hadi ukiugua mwezi mmoja unashindwa kulipa.

Nafasi yako naiona katikati: nyumba ndogo ya tofali kwenye mitaa ya ndani ya Clacton, au Kirby Cross, nje ya mageti ya Frinton, ambako kuna kituo cha treni kwenye njia ya Walton, au flati kwenye jengo lililojengwa kuwa flati tangu mwanzo, lenye lizi ndefu. Angalia pia umiliki wa kushirikiana na shirika la nyumba, yaani unanunua sehemu na kulipa kodi kwa sehemu iliyobaki, ukisoma vizuri masharti ya kodi. Jambo jingine usilisahau ni zamu. Treni ya Clacton hadi Colchester ni kama nusu saa, lakini hospitali iko kaskazini mwa mji na zamu ya usiku haisubiri ratiba. Gari na mafuta yake viwe kwenye hesabu ya nyumba.

Hili la ushuru wa stempu linawakuta Watanzania na Wakenya wengi bila taarifa, kwa hiyo lisome mara mbili. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi chochote hadi paundi 300,000. Lakini mnunuzi wa mara ya kwanza maana yake ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani, hata sehemu yake, hata kwa kurithi. Robo yako ya nyumba ya Tanga inaweza kukuondoa humo. Ukiondolewa, kwa nyumba ya 225,000 unalipa paundi 2,000. Linauma kidogo, halikuvunji.

Kinachoweza kukuvunja ni ile nyongeza ya asilimia 5, ambayo ingefikisha ushuru huo paundi 13,250. Inamgusa anayebaki na nyumba nyingine, popote duniani, yenye thamani ya paundi 40,000 au zaidi. Kwa mali ya pamoja inaangaliwa thamani ya fungu lako, si ya nyumba nzima, na fungu la kurithi lisilozidi nusu halihesabiwi kwa miaka mitatu tangu ulipate. Robo ya Tanga huenda isikudhuru. Kibaha ndiyo ya kuangaliwa: mali ya mume inahesabiwa kama yako mradi hamjatengana kabisa, na yeye kuwa Tanzania kwa ajili ya kazi hakubadilishi kitu. Nyumba ambayo bado inajengwa inaweza kuhesabiwa pia. Kwa hiyo mwambie wakili kila kitu: mirathi imefungwa au bado, hati iko kwa jina la nani, Kibaha imefikia wapi na ingeuzwa kwa kiasi gani leo. Usifiche kwa kudhani huku hawataona. Fomu ya kodi unaitia saini wewe, na adhabu ni yako.

Wakili huyohuyo atakuuliza fedha zako zimetoka wapi. Usione unadharauliwa; sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inamlazimisha. Mshahara kwenye akaunti ni rahisi kuonyesha. Kama sehemu ya akiba imetoka kwenye upatu, au kaka amekutumia kwa simu, anza sasa kukusanya taarifa za benki, na barua ya zawadi yenye jina la aliyetoa na maelezo kwamba hadai kurudishiwa.

Na viza. Hakuna sheria inayomkataza mwenye viza ya kazi kununua nyumba, na kumiliki nyumba hakukupi haki yoyote ya kubaki nchini. Hospitali yako ikikoma kukudhamini kwa sababu yoyote, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Nyumba ambayo benki zinaikopesha inaweza kuuzwa au kupangishwa katika hali hiyo, ingawa si ndani ya siku hizo. Bangalo la wanunuzi wa fedha taslimu linaweza kukaa sokoni mwaka, wewe ukiwa Kibaha unalipia bima na kodi ya halmashauri. Kwa baadhi ya wakopeshaji, mwenye viza hudaiwa kianzio kikubwa, wengine hadi robo ya bei; wapo wenye masharti nafuu kwa wafanyakazi wa NHS, na dalali wa mikopo asiyefungwa na benki moja anawajua. Kwa kuwa una miaka minne, zungumza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kuhusu ukaazi wa kudumu, maana serikali imekuwa ikitaka kurefusha muda wa kuusubiri na maneno ya mitaani hayatoshi hapo.

Mimi ningekuwa dada yako wa tumbo moja ningekuambia usiweke ofa Jaywick mwezi huu. Nenda kwanza kwa dalali wa mikopo, upate barua ya kiasi unachoweza kukopa kwa viza yako. Ukiwa na barua hiyo, chukua siku ya mapumziko ya mvua, si ya jua, utembee Clacton, Great Clacton, Holland na Kirby Cross kwa miguu, uongee na watu wanaoishi humo. Kwa swali la lizi kuna shirika la ushauri wa lizi, LEASE, linalosaidia bure. Kwa mambo ya jumla Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wapo. Wakili mchague mwenyewe, aliyesajiliwa, asiwe yule aliyependekezwa na anayekuuzia.

Na kama baada ya yote hayo moyo wako bado uko Jaywick, usinunue bila mambo manne kwa maandishi: bei ya bima ya nyumba hiyohiyo kwa jina lako, ukaguzi wa daraja la 3, jibu la mkopeshaji aliyeona picha na aina ya kuta, na majibu ya wakili kuhusu barabara, maji taka na ruhusa ya kuishi mwaka mzima. Moja likikosekana, rudisha funguo kwa dalali. Ukiwa umesaini na kubadilishana mikataba, kianzio cha asilimia 10 hakirudi, kwa hiyo maswali yote yaulizwe kabla ya siku hiyo. Niandikie ukipata hesabu za ada ya ile flati au ripoti ya mkaguzi. Nitazisoma nawe mstari kwa mstari.